Kizibao kimeniumbua leo

Nimetoka mechi sasa hivi, hata viatu sijavua.

Mnajua mimi straika, msimu uliopita nilikuwa naanza kila mechi, halafu goti likaniweka nje miezi na niliporudi namba ina mwenyewe. Basi, benchi.

Leo kocha kaniita dakika ya 80. Navuta kile kizibao cha sabu kikanasa kichwani, nahangaika nacho pale kwenye mstari refa ananisubiri, benchi zima linacheka 😂

Mguso wangu wa kwanza tu, gozi wavuni!

Sikushangilia wala nini, nilisimama namtafuta mama jukwaani.

Kipindi nauguza goti nilikuwa namuwaza sana Asisat Oshoala, yule straika wa Nigeria aliyekuwa Barcelona. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya wanawake 2019 Barcelona washapigwa nne na Lyon, yeye akatoka benchi akafunga moja mwishoni. Kombe la Dunia la wanawake 2023 tena, katokea benchi akawafunga Australia, Nigeria wakashinda 3-2 (na jezi akavua bila kunasa, sio kama mimi).

Mliowahi kusota benchi, mlikuwa mnajiambia nini? Mama bado analia huku 🙈