Redio za sola: hatimaye zinachaji, na mchawi alikuwa rizista

Zimechaji! Redio nne zimekaa juani siku tatu mfululizo bila kuguswa na chaja ya simu, na zote zimefika volti 4.1, yaani karibu kujaa. Naandika leoleo kabla sijasahau njia niliyopita, maana wiki sita nzima zimeliwa na kitu kidogo kuliko kichwa cha kiberiti.

Mzigo wa kwanza ulikuwa redio 20 kwa ajili ya vikundi vya kusikiliza neno la Mungu, kwenye vijiji ambavyo umeme haujafika na betri za kununua ni anasa. Kila redio ina betri moja ya 18650 (ya lithiamu, ya kuchajika), paneli ya volti 6 ya wati 1, na kibodi cha chaja, yaani kibao kidogo cha saketi, chenye TP4056, chipu inayosimamia kuchaji. Wiki ya tatu mchungaji akaanza kunipigia: hii imezima, na ile imezima. Nikamjibu kwamba watu hawaziweki juani vya kutosha. Jibu hilo linaniuma mpaka sasa.

Mama mmoja mzee aliniletea yake mwenyewe, imefungwa kwenye kitambaa safi, paneli imefutwa mpaka inang'aa. "Mwanangu, naianika kila siku kama nguo," akaniambia. "Jioni inasema kidogo tu, kisha inakata kabla hatujafika kwenye maombi." Nilipoifungua sikukuta vumbi wala kutu. Betri ilikuwa volti 3.1, karibu tupu.

Nikaichomeka kwenye chaja ya simu, ikajaa vizuri. Nikabadilisha betri, nikabadilisha paneli, nikalehemu upya kila kiungo. Mezani inachaji, juani haichaji. Hapo ndipo nilipopotezea wiki nyingi, kwa sababu kila nilipomaliza kutengeneza nilijaribia chaja ya simu, na chaja ya simu ina nguvu tele. Kosa lilikuwa linajificha palepale nilipokuwa napimia.

Kilichonifungua macho ni mita ya zamani ya mshale. Multimita ya dijitali, ile mita ya namba ya kupimia umeme, ilinionyesha namba inayorukaruka nikadhani waya umelegea. Mshale ulionyesha wazi: volti za paneli zinapanda, zinaanguka, zinapanda tena, kama mtu anayehema. Na taa nyekundu ya chaja, ukiikinga kivuli kwa mkono, inapepesa.

Wenzangu mnaotumia vibodi hivi, angalieni rizista yenye maandishi 122, kipande kidogo cha kuzuia umeme kinachoipangia chipu ivute mkondo kiasi gani. Ni kiloomu 1.2, na maana yake chaja inadai miliampea 1,000. Paneli ya wati 1 kwenye volti 6 haifikishi hata 170 jua likiwa kali. Chaja inavuta kuliko inachopewa, volti za paneli zinaporomoka, chipu inajizima. Ikijizima paneli inapumua, chipu inaamka, inavuta tena. Betri ikiwa imeshuka ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu paneli inavutwa chini kuifuata. Kwa hiyo redio iliyotumika sana jioni ndiyo iliyoshindwa kuamka kesho yake. Yule mama alikuwa msikilizaji wetu mwaminifu kuliko wote, na ndiye tuliyemwadhibu.

Dawa: ng'oa 122, weka 103, yaani kiloomu 10. Chaja inadai miliampea 130 tu, na paneli inazimudu. Betri iliyo chini ya volti 2.9 huanza kwa sehemu ya kumi ya mkondo huo, kwa hiyo hizo nazipa kwanza chaja ya kawaida kabla ya kubadilisha rizista. Wingu zito likipita bado taa inapepesa kidogo. Nitajaribu kuongeza kapasita, kipande kinachotunza umeme kidogo kwa muda mfupi, kwenye mlango wa paneli.

Kwa kazi hii usitumie chuma cha kulehemu kisicho na kidhibiti joto. Changu cha wati 60 kiling'oa njia za shaba kwenye vibodi viwili kabla sijaazima chenye kidhibiti. Tofauti ni kubwa mno, kinunueni mapema.

Nilipanga wiki hii nifunge masafa ya redio zote kwenye kituo kimoja cha injili. Ni desturi ya siku nyingi katika kazi hii, na shirika la Galcom la Kanada, lililoanzishwa 1989, linajulikana kwa redio za sola za namna hiyo. Naelewa faida yake: hakuna kitufe cha kupoteza kituo, na mzee asiyeona vizuri anawasha tu. Lakini nimesita. Mkulima anayehitaji habari za mvua simpi kifaa kisha nikamfungia mlango. Za kwetu zitabaki wazi, nami nitaweka alama ya rangi pale kituo chetu kilipo.

Halafu mchungaji akanitajia jambo lililonitoa kabisa kwenye ratiba: nusu ya akina mama wale hawaifahamu vizuri lugha ya kituo chenyewe. Wanasikiliza sauti, maana inawapita. Shirika la Global Recordings Network, lililoanza 1939 kwa jina la Gospel Recordings, limekuwa likirekodi ujumbe wa injili katika maelfu ya lugha kwa sababu hiyohiyo. Basi nimeanza kuchora nafasi ya kadi ya kumbukumbu ndani ya kasha, ili wasomaji wa kanisa lao warekodi kwa lugha ya nyumbani.

Zimebaki 16. Ya yule mama nimeifanya ya kwanza. Iko dirishani sasa hivi, taa yake nyekundu imetulia, na Jumamosi nampelekea mwenyewe.