Mwandishi wa Safari

Kila Juni, kiangazi kikishashika, huwa nawasoma upya wasafiri wa zamani. Si kwa mapenzi. Mtu anayeandika riwaya za kihistoria kuhusu Ziwa Tanganyika hana pa kuwakwepea: Burton, Speke, Livingstone, Stanley, wote walipita Ujiji na wote walikuwa na wino wa kutosha. Mwaka huu nilianza na Burton, aliyefika pale pamoja na Speke Februari 1858, kisha nikarukia sura ya Stanley ambayo nimeshaihifadhi karibu yote, ile ya Novemba 1871. Yeye na Livingstone wamo ndani ya mtumbwi wa gogo la mvule, wanakwenda kaskazini kuangalia kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. (Unaingia. Burton alikuwa ameshaambiwa hivyo alipofika Uvira, kaskazini mwa ziwa, miaka kumi na mitatu kabla, na wenyeji wanaoishi kando ya mto huo. Lakini maneno ya wenyeji yalihesabika kuwa uvumi mpaka Mzungu ayaone kwa macho yake.)

Stanley anaeleza waliomo mtumbwini: mkalimani wake Selim, mpishi Ferajji, Wajiji wawili wa kuwaonyesha njia, na wapiga makasia kumi na sita. Selim ana jina. Mpishi ana jina. Nikifika kwenye hao kumi na sita huwa nakifunga kitabu kidogo, maana nakumbuka likizo ya mwaka 1987.

Nilikuwa kidato cha pili. Skauti wa shule yetu tulipiga kambi ufukweni, mbele kidogo ya Kibirizi, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Tarehe za kambi alizipanga mwezi, si mwalimu. Dagaa huvuliwa gizani kwa mwanga wa karabai. Mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa, kwa hiyo siku hizo mitumbwi huvutwa nchi kavu, watu wakashona nyavu, wakalala, wakaenda kwenye harusi zilizokuwa zinawasubiri. Ndiyo maana mwalimu aliweza kuazima mtumbwi mkubwa pamoja na mwenyewe, mzee mmoja Mbwari wa Ujiji. Sote tulimwita Babu, na mwalimu naye alimwita hivyo hivyo.

Wenzangu walikuja kambini na karata. Mimi nilikuja na Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, yale maisha yake aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili kabla hajafariki Unguja mwaka 1905. Nilikisoma mchana chini ya mwembe, na usiku kwa mwanga wa mwezi mpaka macho yakawasha. Kilichonivuta ni sauti. Huyu hakuwa anamweleza mtu wa mbali. Alikuwa kama amekaa barazani na kahawa yake, anataja frasila za pembe, madeni, vita, nani alimpokea vizuri na nani alimfanyia ujanja. Watu wanabeba, watu wanatoroka, watu wanakufa, naye anaendelea na hesabu. Kwa umri ule nilimwona shujaa, basi.

Babu alinikuta nasoma, akaketi juu ya gogo, akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Alikuwa msikilizaji mgumu, hacheki pale ninapotarajia acheke. Tulipofika mahali msafara unavuka ziwa alinyoosha mkono kunisimamisha.

"Aliwavusha nani?"

Nikatazama ukurasa, nikaugeuza. Kitabu kilikuwa kimeshafika nchi kavu.

"Haisemi, Babu."

"Aha," akasema. Akanyanyuka kwenda kuangalia nyavu zake.

Kabla hatujaingia majini alitukalisha mchangani, safu mbili, makafi mikononi, tukayavuta hewani asubuhi nzima huku watoto wa Kibirizi wamesimama wanatucheka. Mkono wa juu unasukuma, wa chini unavuta. Kafi likizama mpaka shingoni linakumaliza nguvu bure; likiparaza juu linakurushia maji wewe na mwenzako wa nyuma. Tena usitazame kafi lako, tazama mgongo wa aliye mbele yako. Tulijaribu kuimba nyimbo zetu za kiskauti ili twende pamoja, Babu akazikataa. Hizo ni za kuandamana, alisema, hazina pumzi ya maji. Akatufundisha wake, mrefu, anaanza yeye kwa Kibwari na sisi tunaitikia neno moja tu kafi linapoingia.

Nimekuja kumsoma Burton baadaye sana, na nimeuona wimbo ule umo, ila kwa upande wa pili. Aliposafiri kutoka Ujiji kwenda Uvira mwaka 1858, kwa mitumbwi iliyopatikana kwa Kannena, mkubwa wa Ujiji, alilalamika kurasa kwa kurasa: kelele za wapiga makasia, milio isiyokwisha, maji wanayomrushia, kusimama kwao kila mara. Alikuwa mgonjwa, ulimi umejaa vidonda, nami namhurumia. Lakini mtu aliyevuta kafi hata mara moja anajua kwamba bila wimbo makafi yanagongana, na makafi yakigongana mtumbwi unapinda. Yeye alisikia kelele. Kazi hakuisikia.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Ujiji. Mwalimu alitaka kila kitu kiandikwe kwenye daftari: saa, mahali, hali ya hewa, mizigo, matukio. Kwa kuwa nilionekana mtu wa vitabu, akanipa cheo cha mwandishi wa safari. Maana yake nilikaa katikati pamoja naye, juu ya turubai lililofunika masufuria, unga wa muhogo na gunia la mkaa, wakati wenzangu wanavuta. Sikukiona kibaya cheo hicho hata kidogo.

Tuliondoka alfajiri, mwezi unazama upande wa Zaire, maji yametulia. Ghuba ya Kigoma imekingwa vizuri, na ndani yake tulikwenda kwa raha. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Niliandika kwamba tumeipita bandari na kwamba meli ya Liemba ipo gatini, na kwa kuwa mwalimu alikuwa wa historia, nilipewa pale pale la kuongeza: Wajerumani waliiunda kwao, mjini Papenburg, mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakavileta kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, wakaiunganisha na kuishusha majini Februari 1915; mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe ili isichukuliwe, injini zimepakwa grisi, na Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Yote hayo yaliingia daftarini. Nilijaza ukurasa na nusu bila kutoka jasho.

Tulipoizunguka rasi ya Bangwe, upepo wa kusini ukatupiga usoni.

Kiangazi upepo huo hauna mzaha. Mawimbi ya Tanganyika ni mafupi na yamekaribiana. Omo inapanda, halafu kabla haijashuka vizuri inakutana na jingine. Maji yakaanza kuingia kwa mbele, kwanza ya kulowesha miguu, kisha ya kuelea sufuria. Babu alikuwa nyuma na kafi lake refu, amesimama, hakuacha wimbo. Kati ya ubeti na ubeti akaniita:

"Mwandishi! Kalamu haifui maji. Kamata kopo."

Nikafua maji kwa kopo la rangi mpaka kiuno kikafa ganzi. Karibu na Katonga kijana aliyekuwa mbele yangu akaanza kutapika, akavutwa katikati, na mimi nikatupwa mahali pake na kafi lake. Sasa ndipo nikaelewa kwa nini Babu alikataza kutazama kafi. Ukilitazama unaona namna ufuko usivyosogea. Kulikuwa na mwembe mmoja juu ya kilima. Niliutazama kwa kuibia, nikavuta, nikaitikia, nikavuta, nikautazama tena, na naapa ulikuwa pale pale. Ukitazama mgongo wa mwenzako unabaki na jasho lake, skafu iliyoloa na lile neno moja la kuitikia. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, maji yakaingia, nikaacha kuyahisi. Siwezi kusema tulipita nini. Sikuona kitu. Mtu anayevuta kafi haoni mandhari.

Tulifika Ujiji jua limepanda, tukauvuta mtumbwi mchangani na kulala chali. Baadaye mwalimu akatupandisha mpaka mahali pa kumbukumbu, penye miembe inayosemekana ni vipandikizi vya ule mti ambao chini yake Stanley alikutana na Livingstone. Ni mwendo kidogo kutoka majini. Mmoja wetu akauliza kwa nini wazee wale waliweka nyumba mbali na ziwa. Babu akasema ziwa ndilo lililohama. Babu yake alikuwa akifunga mtumbwi huku huku juu. Tulidhani ni chumvi za wazee. Sivyo. Mto Lukuga, unaotoka upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa kwa muda mrefu na maji yakawa yanapanda. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi kikavunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kiasi cha meta kumi hivi. Katika riwaya yangu ya pili niliwashusha watu kutoka mtumbwini karibu kabisa na miembe, na mhariri akapigia mstari mwekundu na kuniandikia nikaangalie ramani. Nilimjibu kwa barua ndefu kuliko sura yenyewe.

Jioni tulikula migebuka kwa ugali wa muhogo, mawese yanachuruzika mpaka viwikoni. Kisha mwalimu akaomba daftari. Akasoma kurasa za ghuba, akazisifu. Akafungua unaofuata: mtupu, umejikunja kwa maji.

"Kutoka Bangwe mpaka Ujiji hakuna kitu?"

"Nilikuwa navuta, mwalimu."

Akasema ripoti haiwezi kwenda wilayani na pengo la nusu safari, ijazwe usiku huo huo. Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Huyu anasema mawimbi yalikuwa hivi, yule anasema uongo, mwingine anataka iandikwe kwamba yeye hakupumzika, na aliyetapika anataka isiandikwe. Kila nilichoandika kilifutwa na watatu. Mwisho mmoja akasema basi andika majina tu. Nikaandika majina, kwa mpangilio wa tulivyokaa, kutoka omo mpaka nyuma, la kwangu mahali pa aliyetapika, na lake pembeni kwa herufi zile zile, na la Babu mwisho. Ilibidi tumwulize jina lake halisi. Hakuna aliyekuwa analijua.

Mwalimu akausoma ukurasa kwa taa, akaurudia, akauliza:

"Na mimi?"

Tukatazamana. Babu alikuwa anatoa miiba ya samaki menoni, hakugeuka hata shingo.

"Wewe, mwalimu, ulikuwa mzigo."

Tulingoja atufokee. Akanipokonya kalamu, akarudi ukurasa wa kwanza penye orodha ya mizigo, na chini ya masufuria mawili, unga, turubai na gunia la mkaa, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: Mwalimu, mmoja.