Kaburi la New Rochelle

Februari 2014 nilikuwa dereva wa mchango. Kijana mwenzetu wa Muheza alikuwa amefariki Bronx, jijini New York, mwili uko mochwari, na nauli ya kumrudisha kwao hakuna aliyeiweza peke yake. Jumapili ile nilimpakia mweka hazina wetu, mzee aliyewahi kufundisha historia Tanga, tukazunguka nyumba kwa nyumba kuchukua bahasha.

New Rochelle, mji jirani na Bronx, mama mmoja wa Kikongo alitukabidhi dola 40 alizozikunja ndani ya karatasi ya jikoni. Tulipokuwa tunaondoka, pale North Avenue, mzee akanigusa bega.

“Simama kidogo, mwanangu. Nimsalimie Thomas Paine.”

Theluji ilipita viatu. Mbele yetu nguzo ya marumaru, juu yake sanamu ya shaba ya kichwa cha mtu, theluji imemkalia puani na kwenye nyusi. Nikauliza kama kaburi ndilo hilo.

“Alizikwa hapahapa shambani kwake. Lakini hayumo.”

Akanisimulia tumesimama, pumzi zikitutoka kama moshi wa kuni mbichi. Paine alizaliwa Thetford, Uingereza, mwaka 1737. Alifika Philadelphia mwishoni mwa 1774, hoi kwa homa, hata akabebwa kushushwa melini, akiba yake kubwa ni barua ya Benjamin Franklin, mkubwa mmoja wa Marekani, ya kumtambulisha. Januari 1776, hajatimiza miezi 14 nchini, akatoa kijitabu chake, Common Sense, kuwaambia watu wa makoloni ya Marekani waachane na mfalme wa Uingereza kabisa. Wenyeji wengi walikuwa bado wanaogopa kulitamka hilo. Akalisema mgeni, tena kwa maneno ambayo fundi na mkulima waliyaelewa. Na sehemu yake ya mapato akaitoa wanunuliwe glavu askari wa makoloni waliokuwa kwenye baridi ya Quebec, Kanada.

“Mtu wa michango huyo,” mzee akasema.

Alipofariki New York mwaka 1809, watu walikwishamkimbia kwa aliyoyaandika kuhusu dini. Waliomzika hawakufika hata 10. Mwaka 1819 William Cobbett, Mwingereza mwenzake aliyepata kumshambulia vikali kwa kalamu kisha akajuta, akaifukua mifupa, akaivusha bahari ili izikwe Uingereza kwa heshima. Haikuzikwa. Cobbett alifariki mwaka 1835 mifupa ingali kwake, na baadaye ikapotea.

Nilishindwa kusema kitu. Sisi tulikuwa tunahangaika wiki nzima ili mtoto wa watu alale karibu na bibi yake, na huyu aliyewapa Wamarekani ujasiri wa kudai uhuru hana hata shimo.

“Kesho kwenye kuaga tutakuwa wangapi?” mzee akauliza.

“Kama 30 hivi, mzee. Labda zaidi.”

Garini akafungua daftari. Wino ulikuwa umeganda. Akaipulizia kalamu ndani ya viganja mpaka ikakubali, akaandika: mama wa New Rochelle, dola 40.