Windows ndani ya Mac, na flashi yenye pepo

Watu watatu waliniambia niiuze Mac yangu, kompyuta ya Apple. Wa kwanza fundi kompyuta, wa pili shemeji yangu, wa tatu ni bodaboda aliyekuwa ananipeleka Kirumba, na huyo hata sikumuuliza. "Mac ni ya watu wa studio, dada. Wewe wa masweta unaitaka ya nini?" Leo Mac hiyo hiyo ndiyo inayonitolea nembo za shule kuanzia Igoma mpaka Sengerema, kwa hiyo naomba niseme yangu.

Mimi nadarizi. Nina chumba kimoja cha kazi si mbali na Makoroboi, hapa Mwanza, mashine moja ya kudarizi ya kompyuta, na binti mmoja anayenisaidia. Mashine yenyewe haijui kuchora, inasomeshwa. Unapanga mishono kwenye programu, unahifadhi faili la DST, unalitia kwenye flashi, unachomeka mashineni, sindano zinafuata. Programu yangu ni ya Windows tu. Niliinunua zamani kwa milioni moja na ushee, na wakanipa kidude cha kijani cha kuchomeka kwenye USB kama ufunguo. Bila hicho haifunguki. Kwa Kiingereza ni dongle, dukani kwetu tulikiita dongo. Likumbukeni jina hilo.

Novemba 2024 laptopu yangu ya Windows ikafa. Haikufa kishujaa, ilimwagikiwa uji. Na hapo nina oda ya nembo mia sita, shule zinafunguliwa Januari. Kaka yangu wa Dar akanitumia kwa basi MacBook Air yake aliyokuwa haitumii, ile ya M1, RAM GB 8, diski GB 256.

Fundi wa kwanza akasema kwa kujiamini kabisa: Boot Camp. Ni kweli Apple walileta Boot Camp mwaka 2006, na kwenye Mac za zamani, zenye chipu za Intel, unagawa diski, unaiwasha Windows yenyewe. Lakini yangu ina chipu ya Apple, hiyo M1, ya jamii ya ARM, ukoo mmoja na chipu za kwenye simu, na Mac za namna hiyo hazina Boot Camp. Yeye alishinda na mashine yangu kutwa nzima akitafuta kitu ambacho hakimo, jioni akataka elfu thelathini ya "uchunguzi". Nilimpa kumi na soda.

Ikabaki njia moja, kompyuta pepe: programu inayojifanya kompyuta, unaisimika Windows humo ndani, nayo inakaa kama dirisha moja kati ya madirisha mengine. Majina niliyotajiwa ni manne, Parallels, VMware Fusion, VirtualBox na UTM, na kila mtu anaapia lake.

Mpwa wangu wa chuo aliapia VirtualBox kwa sababu ni ya bure. Nikapakua, ikagoma, kumbe nimechukua ya Intel. Nikapakua ya chipu za Apple, toleo la 7.1 lililokuwa limetoka Septemba, ikafunguka vizuri tu. Ila ilikuwa inapokea Linux, Windows hapana. (Toleo la 7.2 la Agosti 2025 limekuja na Windows 11 ya ARM. Heri yenu mnaoanza sasa. Januari yangu haikuwa ya kusubiri Agosti.)

Sasa UTM, ambapo nilijichoma kwa mkono wangu mwenyewe. Kwanza niliinunua kwenye duka la programu la Apple, dola kumi hivi, elfu ishirini na kitu. Baada ya siku mbili nikagundua kwenye tovuti yao wanaitoa bure, na ni ile ile. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia huo ni mchango kwa watengenezaji, tena ndivyo ilivyo, ila mimi sikuwa nimekusudia kuchanga.

Halafu nikaomba Windows kwa yule fundi, akanipa Windows 10 ya kawaida kwenye flashi, ile ya kompyuta za Intel. UTM ikaikubali! Mtego uko hapo. UTM ukiipa mfumo wa ARM, inaupitisha moja kwa moja kwenye chipu, unakwenda mbio. Ukiipa mfumo wa Intel nao inaupokea, lakini inaanza ukalimani, kila amri inageuzwa kwenda ARM ndipo itekelezwe. Umewahi kwenda mkutano wa injili pale Furahisha, mhubiri mgeni anasema sentensi, mkalimani anarudia? Sasa mpe huyo mkalimani kigugumizi, na mahubiri yawe ya saa kumi na mbili.

Nilianza kusimika saa moja jioni. Nembo ya Windows ikatokea, vidoti vikaanza kuzunguka. Nikakaanga sato, nikasonga ugali, tukala, nikaosha vyombo. Vidoti. Saa nne nikachungulia, asilimia tisa. Nikalala. Alfajiri wakati wa adhana bado inaniambia inatayarisha. Saa tatu asubuhi ikafunguka, nikapiga kigelegele, majirani wakadhani kuna posa. Nikabonyeza Start, nikaenda kuteka maji ndoo moja, narudi ndiyo menyu inapanda. Nikiandika, herufi zinatoka moja moja kama abiria wenye mizigo wanaoshuka kivuko cha Kamanga. Ikafika mchana programu ya kudarizi imesimikwa, hata kuidai dongo bado haijafika huko. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi niliendelea siku mbili, kwa ubishi tu, kwa sababu shemeji alikuwa anapita kila jioni kuuliza "vipi, umeiuza?"

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kwenye Mac za M unatia Windows 11 ya ARM, siyo ile ya kawaida. Windows hiyo yenyewe inajua kufasiri programu za Intel, za biti 32 na za 64, na inafanya hivyo bila kukutesa. Kufasiri programu moja si sawa na kufasiri kompyuta nzima.

Nikajaribu Parallels, siku kumi na nne za bure. Hapo sina neno, mwenye hela aichukue asisumbuke kusoma zaidi. Iliipakua Windows ya ARM yenyewe, nusu saa niko ndani, panya anatoka Mac anaingia Windows kama hakuna mpaka. Microsoft wenyewe tangu Februari 2023 wameidhinisha Windows 11 ya ARM humo. Lakini ni dola mia hivi, tena kila mwaka. Nembo moja nalipwa elfu moja na mia tano. Pigeni hesabu, mimi nilipiga nikanyamaza.

Na ndani ya siku hizo kumi na nne ndipo dongo likanipiga dongo. Programu inafunguka, inasema ufunguo haupo. Chomoa, chomeka. Air ina matundu ya USB-C tu, kwa hiyo nikailaumu adapta, nikaenda kugombana na aliyeniuzia, nikanunua nyingine ya elfu ishirini na tano. Ufunguo haupo. Kumbe adapta masikini haina kosa. Windows ya ARM inafasiri programu, lakini draiva, kile kiprogramu kinachoifanya Windows ielewane na kifaa, haifasiri; draiva lazima iwe imeandikwa kwa ajili ya ARM. Ya dongo langu iliandikwa enzi za Intel. Ungebadilisha kompyuta pepe mpaka ukachoka, jibu ni lile lile. Kwa hiyo kabla hujaanza kubishana Parallels au Fusion, kusanya mezani kila unachochomeka kwenye kompyuta, printa ya zamani, skana, dongo, uulize kimoja kimoja kama kina draiva ya ARM. Hili hakuna hata mmoja wa wale washauri watatu aliyelisema.

Wauzaji wa programu nikawaandikia barua pepe, wakanizungusha wiki, mwishowe wakakubali kunibadilishia dongo kwa leseni ya namba. Laki moja na kitu. Nililipa.

Fusion ndiyo nikaishia nayo, na hapo nilipata bahati ya tarehe. Mei 2024 wenye nayo walikuwa wameifanya bure kwa matumizi binafsi, na mimi nafanya biashara. Novemba hiyo hiyo wakaifungua kwa wote, hata wa biashara. Kwenye kujisajili nikadaiwa msimbo wa posta, kitu ambacho sijakitumia tangu nizaliwe, nikampigia kaka. Windows inapakuliwa humo humo ndani ya Fusion, GB 5 na zaidi, kwa hiyo nunua bando la usiku. Windows 11 inataka TPM, yaani chipu ya usalama, na Fusion ili ikupe hiyo TPM pepe inaifunga mashine kwa nenosiri. Mimi nimeliandika nyuma ya kalenda ya ukutani. Na leseni ya Windows ni pesa nyingine, watu wanachanganya. Bure ni kompyuta pepe, Windows hapana.

RAM niliipa Windows GB 6 kwa uroho, Mac na Windows zikaganda zote mbili. Nimerudi 4, na tabo za Chrome nafunga.

Sasa pepo.

Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, nembo ya kwanza iko tayari. Naihifadhi kwenye folda ya pamoja, ile inayoonekana Windows na Mac pia, naikokota kwenye flashi, binti anachomeka mashineni. Kwenye skrini nembo ziko mbili. Moja BEJI1.DST, nyingine _BEJI1~1.DST. Mimi nimetia moja. Binti akachagua ile ya juu, mashine ikalia tii-tii-tii, ikakataa. Nikaifomati flashi, nikatia upya, mbili. Nikatia nembo tano, zikawa kumi. Nikanunua flashi mpya. Mapacha. Nikawasha kinga ya virusi ndani ya Windows ikasaka usiku kucha, ikasema safi. Binti sasa hataki kuigusa flashi. "Dada, si wewe mwenyewe ulisema humo ndani kuna kompyuta ya pepo?" Nimsahihishe nini, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuamini? Yule fundi wa Boot Camp akasema virusi, elfu ishirini. Sikumpa hata soda.

Nilichofanya ni kuyatazama mafaili kwa ukubwa, na hapo ndipo ninapojipongeza. DST hula baiti tatu kwa kila mshono, kwa hiyo nembo ya mishono elfu nane inakuja KB 24 hivi. Wale mapacha walikuwa KB 4, wote, wa nembo ndogo na wa nembo kubwa. Hakuna nembo ya KB 4 yenye ngao, mwenge na jina la sekondari. Nikachomeka flashi kwenye Windows, nikaiambia inionyeshe mafaili yaliyofichwa, nikamwona: ._BEJI1.DST. Nukta, kistari, halafu jina.

Ni Mac. Mac ina maelezo yake ya ziada inayopenda kuyabandika kwenye faili, na flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuweka mafaili, haina pa kuyaweka, kwa hiyo inaandika kifaili cha pembeni chenye jina lile lile na nukta mbele. Yenyewe haikuonyeshi, kwa sababu kwenye Mac kinachoanza na nukta kinafichwa. Mashine ya kudarizi haijui adabu hizo. Ikiona DST, inaorodhesha.

Dawa yake nilipoipata nilicheka peke yangu. Ukichomeka flashi, Fusion inakuuliza uipeleke kwa Mac au kwa Windows. Peleka Windows. Hifadhi ukiwa humo humo ndani ya Windows, itoe humo humo, Mac isiiguse hata kwa bahati mbaya. Folda ya pamoja nimeiacha kwa picha za wateja. Flashi ya mashine nimeipaka rangi ya kucha nyekundu, na yeyote atakayeifungua upande wa Mac atanijua. Mpwa wangu baadaye alinionyesha amri ya dot_clean inayowafagia upande wa Mac, lakini nimfagie pepo kila siku wakati naweza kumzuia mlangoni?

Tulidarizi mpaka saa nane za usiku, wiki mbili. Nembo mia sita zilitoka, mia nne kabla ya shule kufunguliwa na nyingine wiki iliyofuata, mwalimu mkuu alinuna kidogo. Umeme ulikatika mara nyingi tu. Mashine ya kudarizi ilizima, Mac ikaendelea kwa betri, na mimi nikaendelea kupanga mishono gizani.

Nikasumbuka mara moja tu tena, diski ilipojaa nikaihamishia Windows yote kwenye diski ya nje. Fusion ikauliza, umeihamisha au umeinakili? Nikajibu nimeinakili, ikabadilisha vitambulisho vya mashine, na leseni ya kudarizi ikakataa ikidhani ni kompyuta ngeni. Jibuni "nimehamisha". Barua pepe nyingine, kuzungushwa kwingine.

Shemeji naye amenunua Mac, ya mtumba, na Jumapili alikuja nimtilie Windows. Nimemwambia elfu thelathini ya uchunguzi. Dongo bado lipo, binti amelitoboa akalifunga kwenye funguo za kufuli la duka, kwa hiyo kila asubuhi linafungua kitu.