Nilivyomtembeza mama Tate Modern

Kila ndugu anayekuja London hutaka kuona saa kubwa, ikulu ya mfalme na Mto Thames. Mama naye alikuja na orodha hiyohiyo Novemba 2023, tukaimaliza upesi kuliko nilivyotarajia, maana baridi ilikuwa inamfukuza kila mahali. Nikabaki na mgeni wa miaka sabini na kitu, magoti hayataki ngazi, na nje mvua. Ndipo nikaamua kumpeleka Tate Modern, jumba la sanaa ya kisasa, na niseme kweli, sanaa haikuwa sababu ya kwanza. Kuingia ni bure, ndani kuna joto, lifti zipo, na asiyeweza kusimama sana huazimwa kiti cha kukunja.

Dada aliposikia akacheka kwenye simu. "Unampeleka Mama akaangalie makorokoro ya Wazungu?"

Hofu yake naielewa. Mimi mwenyewe nilianza kupazoea pale kupitia mchoraji Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1954, aliyeshinda tuzo ya sanaa ya Turner mwaka 2017. Kazi zake zilipooneshwa humo kati ya 2021 na 2022 nilifuata zile alizozichora kwa mtindo wa kanga, nikajikuta narudi hata baada ya maonyesho kwisha. Ila nimeona pia wageni wa kwetu wakiburutwa chumba hadi chumba, kila kitu wanauliza "hii maana yake nini?", na mwenyeji anatunga jibu papo hapo. Baada ya nusu saa wote wawili wamechoka na wanatafuta mlango.

Kwa hiyo nilipanga mambo machache tu, na nikajiwekea sharti: sitamweleza maana ya kitu mpaka aulize mwenyewe. Nitamuuliza kimetengenezwaje. Mama amesuka ukili na kushona mikeka tangu utotoni. Swali la mkono analiweza kuliko mimi.

Tuliingia kwa upande wa magharibi, ambako sakafu inateremka taratibu mpaka ukumbi mkubwa. Jengo lilikuwa kituo cha kufua umeme, Bankside, kilichozimwa mwaka 1981. Bomba lake la moshi la mita 99 bado limesimama, na jumba la sanaa likafunguliwa humo mwaka 2000. Msanifu majengo wa kituo kile, Giles Gilbert Scott, ndiye huyohuyo aliyebuni vibanda vyekundu vya simu, na Mama alikuwa ameshapiga picha katika kimoja, basi akafurahi kama amekutana na mtu wanayefahamiana. Ukumbi wenyewe, mahali palipokaa mitambo, una urefu wa zaidi ya mita 150 na kimo cha mita 35. Watoto walikuwa wanajiviringisha kwenye mteremko na hakuna aliyewakemea.

Juu yetu ilining'inia kazi ya msanii El Anatsui. Kipande cha kwanza kilikuwa chekundu, kikubwa kupita kiasi, kimebinuka katikati.

"Tanga hilo," akasema Mama kabla sijafungua mdomo. "Limeshika upepo."

Baba yake alikuwa akishona matanga ya majahazi Kilwa Kivinje, na yeye ndiye aliyekuwa akimshikia kitambaa. Nikamuuliza hilo la hapa limeshonwa kwa nini. Akavaa miwani, tukazunguka polepole mpaka kwenye vipande vilivyofika karibu na macho. Hapo ndipo unapoona kazi: vizibo vya chupa, vingine vimepondwa bapa, vingine vimekatwa na kukunjwa kama utepe, vimetobolewa pembeni na kufungwa kimoja kwa kingine kwa waya mwembamba wa shaba.

"Mwanangu, hivi si vizibo vya pombe?"

"Ndivyo, Mama."

"Astaghfirullah. Nani aliyekunywa zote hizi?" Akaonesha kwa mkono, kwa mtindo wa kugida chupa, na mlinzi aliyekuwa karibu akaangua kicheko bila kuhitaji mkalimani.

Kisha akatulia akachunguza. "Hawakushona kitu kizima. Wameshona mapande, halafu wakaunga. Tazama pale rangi inapobadilika." Na ndivyo inavyofanywa kweli: wasaidizi wengi hushona mapande huko Nsukka, Nigeria, ambako msanii huyu, mzaliwa wa Ghana mwaka 1944, amefanya kazi kwa miongo mingi, na yeye huyapanga na kuyaunga. Nikamwambia pia kwamba pombe ilikuwa miongoni mwa bidhaa walizokuja nazo Wazungu kununulia watu pwani ya Afrika Magharibi. Mtu wa Kivinje hahitaji maelezo marefu kuhusu biashara hiyo. "Kwetu ilikuwa shanga na vitambaa vya marekani," akasema, akaendelea kuhesabu rangi.

Kipande cha mwisho, lile pazia jeusi lililoshuka toka darini mpaka sakafuni, hakulipenda. Upande wa nyuma wenye fedha na rangi aliupenda sana, akataka kujua kwa nini wameuficha. Sikuwa na jibu na sikulitunga.

Tukapumzika kwa chai, ghali na nyepesi, kisha tukapanda kwenye *Babel* ya Cildo Meireles wa Brazil, ya mwaka 2001. Ni mnara wa mamia ya redio kuukuu katika chumba chenye mwanga wa samawati, kubwa na za zamani chini, ndogo juu, kila moja iko wazi kwenye stesheni yake kwa sauti ya chini. Hapa nilikuwa na wasiwasi na kelele. Mama akakunjua kiti akakaa, akaanza kutafuta redio ya mbao kama ile ya marehemu baba, yenye kitambaa mbele. Akaipata, au akaridhika kwamba ndiyo. Akanieleza jinsi jirani wote walivyojaa barazani kusikiliza taarifa ya habari, na nani alikuwa akiiba betri. Hadithi ya betri sikuwahi kuisikia, na mhusika ni mjomba wangu ninayemheshimu sana.

Nilitaka kumaliza na baraza ya juu, ghorofa ya kumi ya jengo jipya la 2016, lakini nikaghairi, maana upande mmoja ulikuwa na mgogoro: wakazi wa nyumba za vioo zilizo mkabala walishtaki kwamba wageni wanawachungulia sebuleni, na Februari 2023 Mahakama ya Juu ikawapa haki. Nikamwonesha nyumba zenyewe tulipotoka nje. Nikasema wapo walioona kwamba wangenunua tu mapazia.

"Mtu kwake ana sitara yake," Mama akasema. "Mahakama imefanya vizuri." Akaziangalia tena. "Kodi yake shilingi ngapi kwa mwezi?"

Nikamwambia basi linakuja.