Nusu saa kabla ya kufungua bandeji

Saa 1:30 asubuhi nilipokea zamu katika wodi ya majeraha ya moto hapa Mwanza, na kabla ya kugusa kidonda chochote nilipita kitanda hadi kitanda nikimwomba kila mgonjwa ataje maumivu yake kwa namba, kuanzia 0 hadi 10. Bibi mmoja aliyeungua kwa uji alisema 2, huku ameng'ang'ania ukingo wa godoro. Wazee wengi husita kulalamika mbele ya sare, kwa hiyo mimi huiamini mikono kuliko namba.

"Shikamoo, mayu. Hapa kulia si aibu."

"Marahaba, mwanangu. Ni 2."

Saa 2:30 niliwapa dawa ya maumivu wote waliopangiwa kusafishwa vidonda. Morfini ya kunywa, na hata parasetamo, huhitaji nusu saa hadi saa nzima ili kutuliza vizuri, na kwa maoni yangu vilio vingi vya wodini huletwa na haraka yetu kuliko moto wenyewe. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo dawa ilitolewa bandeji ikiwa imekwisha kuvuliwa. Nilinyamaza, na mpaka leo naona haya.

Saa 3:30 ilifika zamu ya mvuvi wa dagaa kutoka Ukerewe, aliyelipukiwa na karabai mtumbwini. Bandeji ilikuwa imegandia mkononi, hivyo niliilowesha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, nikasubiri ilainike, kisha nikaibandua taratibu nikiilaza sambamba na ngozi badala ya kuivuta juu. Tulipatana kwamba akiinua kidole cha mkono mzima, nasimama. Alikiinua mara mbili, nami nikasimama mara mbili, naye akautumia muda huo kunieleza jinsi dagaa wanavyoufuata mwanga siku za giza.

Saa 5:00 mtoto mchanga alichomwa sindano akiwa ananyonya. Alilia kidogo, akarudia ziwa.

Mchana ulikwenda kwenye mafaili na kuhakikisha kila anayekunywa morfini amepata pia dawa ya kulainisha choo, jambo linalosahaulika kirahisi mno.

Saa 9:15 alasiri bibi aliniita mwenyewe.

"Mwanangu, andika 6."

Nilimwita daktari, akaongeza dawa, nami nikaikosa daladala ya Igoma.