Dirisha la duka langu Kirumba lilipoanza kusimamisha watu

Nilipofungua duka la nguo za kike Kirumba, Mwanza, niliamini dirisha ni mahali pa kuonyesha kila nilicho nacho. Nikaning'iniza magauni, vitenge na mikoba, viatu nikavipanga chini safu mbili, kisha nikajaza stika za punguzo kwenye kioo. Watu wakawa wanapita tu. Wachache waliosimama walikuwa wanaweka kilemba sawa.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja anayeuza dagaa soko la Mwaloni. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hivi unauza nini humu? Mbona dirisha limejaa kama stoo?" Iliniuma. Kesho yake mchana nilivuka barabara nikasimama upande wa pili. Niliona daladala, nguzo ya umeme na mimi mwenyewe. Nguo sikuziona.

Mchana mwanga wa nje ni mkali kuliko wa ndani, ndiyo maana kioo cha dirisha kinageuka cha kujitazamia. Nami nilikuwa nimetundika pazia jeusi nyuma nikidhani linapendezesha, kumbe weusi ule ndio uliozidisha. Nikalitoa, ukuta wa nyuma nikaupaka krimu. Fundi akanifungia turubai la kivuli nje, na ndani taa mbili za LED zinazomulika mdoli wa kuvalishwa nguo kwa pembeni. Ile ya katikati ya dari niliizima, ilikuwa inamulika utosi tu.

Kupunguza vitu ndiko kulikonisumbua. Kila gauni nililolitoa niliona kama nafukuza mteja. Kilichonipa moyo ni ziwa. Usiku wa giza ukisimama huku kwetu unaziona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini. Dagaa hufuata mwanga kwa kuwa pande zote ni giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti vile, na wavuvi wengi hupumzika. Dirisha langu lilikuwa na mbalamwezi kila siku.

Nikabakiza midoli miwili, mmoja mbele kidogo ya mwenzake, na mkoba mmoja. Nyuma nikatundika kipande cha wavu mkuukuu na karabai ya marehemu babu. Wa mbele nikamvika gauni la kitenge cha bluu na njano. Nilianza kwa kulipiga pasi vizuri, maana chini ya taa kunjo moja huonekana kama kovu. Halafu kiuno nikakivuta kwa nyuma na kukibana kwa pini nne, gauni likakaa kama lilishonewa mdoli yule. Chini nikaweka kreti mbili za soda na kuzifunika kitambaa, ili gauni lifike usawa wa macho ya mpita njia.

Miguuni niliweka kadi ndogo: 45,000. Wenzangu walinikataza, eti mteja aingie aulize mwenyewe. Sikubaliani nao. Duka lenye vioo mbele watu hudhani ni la wenye hela, na anayeogopa bei haulizi, anapita zake.

Kosa lililonigharimu ni jua. Dirisha langu linatazama magharibi, na jioni jua hupenya chini ya turubai. Gauni lile nililiacha wiki tatu. Kulivua, bega la upande wa kioo limepauka, na mpaka kati ya rangi mpya na ya zamani unaonekana waziwazi. Nililiuza kwa hasara. Siku hizi nguo haikai dirishani zaidi ya siku 7. Kubandika tinti kwenye kioo sikutaka, ingenirudisha kwenye shida ya kujitazamia.

Usiku taa naziacha mpaka saa nne. Niliwahi kusoma kwamba Harry Gordon Selfridge, Mmarekani aliyefungua duka kubwa London mwaka 1909, aliacha madirisha yake yakiwaka hata baada ya kufunga, nikanunua swichi ya kujizima yenyewe. Sasa kuna wateja wanaoingia asubuhi wakiuliza "lile gauni la jana usiku", na wakati huo mimi nilikuwa nyumbani nimelala.

Juzi yule mama wa dagaa alisimama nje na ndoo yake kichwani, akatazama kwa muda, kisha akaingia kuuliza kama kile kitenge kipo cha mwili wake. Hakikuwepo. Nimemwambia fundi amshonee, atakuja kupimwa Jumamosi.